Albumini, rotenoni na saa ya ukutani: kwa mnaoingia maabara ya mitokondria za ubongo

Juzi asubuhi mmoja wenu aliiweka sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija) kwenye 1,300, akabonyeza kitufe, akaenda zake kuandika lebo. Skrini ilikuwa kwenye rpm (mizunguko kwa dakika), si kwenye g (nguvu ikilinganishwa na mvutano wa dunia). Hakuna aliyemgombeza, maana nusu ya waliokuwamo chumbani wamewahi kufanya hivyohivyo, na nusu iliyobaki wanadanganya. Lakini ni mara ya tatu mwaka huu, kwa hiyo tumeona tuyaandike haya mara moja, kisha kila mgeni apewe nakala kabla hajapewa koti.

Wengine mmetoka famasia, wengine bailojia, na wachache mmetoka wodini moja kwa moja, mkiwa bado na hasira ya yule kijana wa bodaboda aliyepigwa kichwa, akaletwa akiongea, siku ya pili akasinzia, siku ya tatu hakuitika. Hasira hiyo itunzeni, ina kazi. Pigo la kwanza hakuna anayeweza kulirudisha nyuma. Tunagombania yale yanayofuata: glutameti inamwagika, milango ya NMDA (vipokezi vya glutameti) inafunguka, kalsiamu inaingia kwenye seli, mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zinaimeza kupitia MCU (mlango wao wa kalsiamu) mpaka zinashiba, lile tundu la mPTP kwenye utando wao linafunguka, saitokromu c inatoka nje na seli inaanza kujimaliza. Mlisoma, sirudii.

Jambo ambalo vitabu havilikazii ni hili. Kila kitu kinachoziua mitokondria ndani ya fuvu kinaziua pia juu ya meza yako: kalsiamu, joto, kukosa oksijeni, kucheleweshwa. Mitokondria haijui kama kalsiamu imeletwa na pigo au na kopo ulilosuuza kwa maji ya bomba. Usipokuwa makini, unachokipima siyo jeraha, ni mkono wako.

1. Sentrifuji hupimwa kwa g.

Itifaki inasema 1,300 × g, dakika 3. Rota yetu ndogo (kile kichwa kinachobeba mirija) ina nusukipenyo cha sentimita 8.4. Zidisha 0.00001118 kwa 8.4, kisha kwa rpm iliyozidishwa kwa yenyewe, utaona kwamba 1,300 rpm inakupa g 159 tu. Viini vya seli na makapi havishuki, vinabaki juu pamoja na mitokondria, na ukifika kwenye mzunguko wa 13,000 × g vyote vinalala chini pamoja kama mchele usiochaguliwa. Upande wa pili nao ni mbaya. Ukiweka 13,000 rpm kwenye rota hiyohiyo unakuwa na karibu g 15,900, mashapo yanashikamana kama ugali uliolala, na ili uyafumue utayapiga kwa pipeti mpaka nusu ya mitokondria zipasuke. Kitufe cha kubadilisha kipo. Kibonyeze.

2. Methali ya haraka haraka haina baraka haikutungwa na mtu aliyeshika ubongo wa panya.

Tangu kichwa kikatwe hadi ubongo uzame kwenye bafa (kimiminika kinachotunza pH) yenye barafu, isizidi dakika 1. Damu imekatika, ubongo bado una nyuzi 37, ATP, nishati ya seli, inakwisha ndani ya dakika chache. Kila sekunde unayotafuta mkasi unaongeza kiharusi juu ya jeraha.

Na hapa kuna mtego. Panya wetu wengine hupigwa ubongo kwa makusudi, na baadhi ya hao hupewa dawa. Panya wa shamu, aliyetobolewa fuvu bila kupigwa, anafunguka kwa urahisi. Aliyepigwa ana damu iliyoganda, dura (utando wa nje wa ubongo) imenata kwenye mfupa, kidonda kina uchafu, na mkono wako unakuwa mzito. Shamu unamaliza kwa sekunde 45, aliyepigwa kwa sekunde 90. Tofauti hiyo haijaletwa na pigo, lakini itaingia kwenye grafu ikiwa imevaa nguo za pigo. Ndiyo maana kuna saa kubwa ukutani na safu ya “sekunde” kwenye daftari. Haikuwekwa ili kupamba ukurasa. Mwenye mkono mwepesi zaidi afungue waliopigwa, na asiyejua nani amepewa dawa ndiye awe anakata.

Kipande cha gamba kitolewe kwa kitobozi kimoja, mduara uleule, mahali palepale, kwa makundi yote. Ukivutia kidogo upande wa sehemu nyeupe ya ubongo unapata mafuta mengi na mitokondria kiduchu.

3. Bafa.

Manitoli milimola 215, sukrosi 75, HEPES 20, EGTA 1, albumini ya ng'ombe (protini ya damu) asilimia 0.1, pH 7.2 kwa KOH. Manitoli ni ileile mliyoizoea wodini kwa kupunguza uvimbe wa ubongo. Hapa kazi yake ni kushikilia shinikizo la maji ili mitokondria zisivimbe wala kusinyaa.

pH ipimwe bafa ikiwa baridi. HEPES ikishushwa toka nyuzi 25 hadi 4 inapanda karibu 0.3, kwa hiyo ile 7.2 uliyoifurahia mezani inakuwa 7.5 ndani ya ndoo ya barafu. Tumia KOH, siyo NaOH iliyo karibu na mkono. EGTA usiisahau kabisa, maana ndiyo inayoidaka kalsiamu yote inayomwagika unaposaga. Anayeisahau huwa tunamjua kabla hajasema: anatoka chumba cha elektrodi ya oksijeni akiwa na RCR (uwiano wa upumuaji unaopima uzima wa mitokondria) ya 2 tu na maelezo marefu.

4. Kinu na mchi.

Mchi uliolegea kwanza, mara nane hadi kumi, kisha uliokaza. Kinu kiwe kimezama kwenye barafu. Usiuvute mchi kwa nguvu hadi juu ya kimiminika, unatengeneza ombwe na mapovu, na mapovu yanachana utando. Hamjaja kutwanga kisamvu.

Baada ya mizunguko miwili ya 1,300 × g na mmoja wa 13,000 × g wa dakika 10, mashapo yenu yana mitokondria huru pamoja na zilizofungiwa ndani ya vipande vya ncha za neva. Hizo zilizofungiwa ndizo zinazoumia mapema baada ya pigo, kwa hiyo ukiziacha umetupa habari yenyewe. Tunazitoa kwa chupa ya chuma yenye naitrojeni: shinikizo la psi 1,200, dakika 10, ndani ya barafu, kisha fungulia kidogokidogo tone kwa tone. Utando mwembamba wa zile ncha unapasuka, mitokondria zinahimili. Ukifungulia kwa pupa utazipata darini.

Halafu tabaka za Ficoll (kimiminika kizito cha sukari) asilimia 7.5 juu ya 10, na 100,000 × g kwa dakika 30. Mitokondria zinakaa chini kabisa kama kitone cha rangi ya kahawa ya maziwa. Myelini inabaki juu kama utandu wa samli. Inyonye kwanza ile ya juu, badilisha ncha ya pipeti, ndipo ushuke. Anayeshuka na ncha ileile anarudisha mafuta chini, na mafuta hayo yatamsumbua mpaka jioni.

5. Albumini.

Hapa vuteni viti. Hili ni kosa letu, la watu wazima wenye digrii, na lilidumu kwa miezi.

Albumini inawekwa kwenye bafa kwa sababu nzuri. Ubongo uliopigwa unatoa asidi za mafuta huru kwa wingi, asidi hizo zinavujisha protoni kwenye utando wa mitokondria, na albumini inazinasa. Basi tukaiweka kwenye bafa ya kusagia, tukaiweka kwenye ya kuoshea, na kwa vile chupa ilikuwa moja na ilikuwa karibu, tukalowekea nayo hata mashapo ya mwisho. Kisha tukachukua tone la mashapo hayo tukaenda kupima protini kwa BCA (kipimo cha rangi), sifuri ya kipimo ikiwa ni maji.

BCA haichagui. Protini yoyote inageuza shaba na kutoa zambarau. Na ngazi tunayolinganishia ni ya albumini. Yaani tulikuwa tunapima albumini kwa rula ya albumini, halafu tunaita jibu mitokondria.

Asilimia 0.1 ni miligramu 1 kwa kila mililita. Mtu akisikia hivyo husema, aa, moja tu. Fanyeni hesabu nasi. Shamu anatoa mitokondria nyingi, tuseme miligramu 4 za kweli kwa mililita. Kipimo kinasoma 5. Aliyepigwa ana tishu iliyokufa, anatoa kidogo, tuseme 1.5, kipimo kinasoma 2.5. Unataka mikrogramu 100 kwenye chemba ya kupimia upumuaji. Kwa shamu unavuta maikrolita 20, kwa aliyepigwa 40, unaona umewatendea haki. Kumbe kwa shamu umeweka mikrogramu 80 za mitokondria, kwa aliyepigwa 60. Unagawanya zote kwa 100. Aliyepigwa anaonekana anapumua robo pungufu, na wala hakuna mitokondria hata moja iliyougua.

Subirini, bado. Aliyepewa dawa tishu yake imeokolewa kiasi, anatoa 3 za kweli, kipimo kinasoma 4, unavuta maikrolita 25, unaweka 75. Sasa anapumua kwa asilimia 94 ya shamu. Dawa imefanya kazi! Grafu tatu, nguzo tatu, juu, chini, juu, kama zilivyochorwa kwenye ombi la fedha. Tulizionyesha. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Tukaanza kupanga dozi inayofuata.

Kinachouma ni kwamba ushahidi ulikuwa mbele yetu kila siku, kwenye safu iliyo pembeni. Mitokondria iliyoumizwa kweli hushuka kwenye hatua ya 3, pale ADP (malighafi ya ATP) inapotiwa, huku hatua ya 4 ikibaki au ikipanda kwa sababu utando unavuja. Ndiyo maana RCR, yaani hatua ya 3 kugawanywa kwa hatua ya 4, inaporomoka. Zetu zilikuwa zinashuka zote kwa pamoja, hatua ya 3, hatua ya 4, hata baada ya FCCP (kemikali inayoachia upumuaji uende kasi yote), kwa kiwango kilekile, kama ukoo unaokwenda msibani kwa basi moja. RCR haikusogea. Uwiano hauathiriwi na protini, kwa sababu protini ileile iko juu na chini ya mstari. Kila namba ikishuka sawasawa, mgonjwa ni namba unayogawanyia. Hili tungemwambia mwanafunzi yeyote bila kufikiri. Kwetu wenyewe tuliandika kwenye daftari kwamba “pigo halijavuruga ufungamano”, na chini yake aya nzima ya nadharia inayoeleza kwa nini. Aya nzuri kwa kweli. Haina hata neno moja la kweli.

Halafu kulikuwa na jeli. Mtu aliendesha jeli ya kutenganisha protini kwa sababu nyingine kabisa, akaipaka rangi ya Coomassie, na kwenye kilodaltoni 66 au hapo karibu kukawa na mstari mnene kama mkanda wa suruali. Tuliuona. Tukasema ni albumini ya damu ya panya, maana kizuizi cha damu na ubongo hupasuka baada ya pigo. Maelezo yanayoingia akilini kabisa, ila mstari uleule ulikuwepo kwa shamu pia na sisi tulikuwa tunaangalia upande wa kulia wa jeli. Mwisho wake, sitreti sintesi ilipogawanywa kwa protini ikaonyesha pengo lilelile la robo. Kimeng'enya hicho hutumika kukadiria wingi wa mitokondria zenyewe. Hapo hakukubaki pa kujificha.

Mtu atauliza, si mngetoa 1 kwenye kila hesabu? Tungeweza, kama kila ukurasa wa daftari ungesema ni bafa ipi ilitumika kulowekea na ni mara ngapi ilizimuliwa. Kurasa nyingine zilisema “bafa”. Basi. Bafa gani, ya nani, ya lini? Data ikatupwa, na panya waliotumika hawarudi. Wale waliokuwa wametikisa vichwa kwa kuridhika ilibidi waambiwe mmoja mmoja.

Na bado kulikuwa na kitu cha kweli ndani yake, ndicho kinachochekesha kwa uchungu: dawa iliokoa tishu. Wingi wa mitokondria zilizotoka ulikuwa matokeo halali. Tuliyatupa kwenye kigawanyo tukayauza kama upumuaji.

Tiba yake ni mstari mmoja. Osha mara mbili za mwisho kwa bafa isiyo na albumini wala EGTA, 10,000 × g dakika 10, loweka kwenye bafa hiyohiyo, na sifuri ya BCA iwe bafa hiyo iliyozimuliwa sawa na sampuli. Albumini utairudisha kwenye chemba, protini ikishajulikana.

6. Chemba ya elektrodi.

Mfuatano mnaujua: pairuveti milimola 5 na maleti 2.5, ADP maikromola 150, oligomaisini 1 (inazuia utengenezaji wa ATP), FCCP 1, rotenoni 1 (inaziba kompleksi I, mlango wa kwanza wa mnyororo wa upumuaji), kisha saksineti milimola 10. FCCP ipandishwe kidogokidogo kwa kila kundi jipya, maana ikizidi inazima badala ya kuachia. Baada ya rotenoni mstari ulale, baada ya saksineti uinuke kupitia kompleksi II. Usipoinuka, mitokondria zako zilishakufa kabla hujaanza.

Sasa, rotenoni na oligomaisini hupenda mafuta, hazipendi maji. Zinashika kwenye kifuniko, kwenye kikorogeo, kwenye ukuta, na maji peke yake hayazitoi. Kilichobaki kinatosha kuifinya kompleksi I ya sampuli inayofuata. Ukiendesha shamu asubuhi na waliopigwa baadaye, kila siku, umejitengenezea jeraha la mchana. Chemba ya kioo: maji, ethanoli ikae dakika 10 pamoja na kikorogeo na kifuniko, kisha maji mengi mara sita. Chemba ya plastiki ngumu msiiloweke ethanoli, inapata nyufa. Suuzeni kwa bafa yenye albumini na mabaki ya mitokondria, yatanyonya. Sindano moja, dawa moja, na iandikwe. Mpangilio wa sampuli upangwe kwa bahati nasibu kila siku. Na mara moja kwa wiki rudieni shamu ya kwanza iwe ya mwisho, muone kama bado inasema yaleyale.

7. Panya ana joto na panya ana ndoto.

Panya aliyelala kwa nusukaputi anapoa haraka kuliko mnavyodhani, na ubaridi wenyewe ni dawa ya ubongo. Mwaka 1990 Buchan na Pulsinelli walionyesha kwenye panya wa jangwani waliokatiwa damu ya ubongo kwamba sifa iliyopewa MK-801, dawa ya kuziba NMDA, ilikuwa ya ubaridi: dawa iliwapoza wanyama, na ubaridi ndio uliookoa seli. Watu walikuwa wameisifu molekuli kwa kazi ya kipimajoto. Kwa hiyo kipima cha njia ya haja kubwa, blanketi la joto, nyuzi 37 ikizidi au kupungua kwa nusu, na panya akae kwenye joto mpaka atembee mwenyewe. Anayemrudisha kwenye kizimba akiwa bado anayumba amempa tiba ambayo haimo kwenye itifaki.

Ketamini inaziba NMDA. Ukiitumia umeshaanza kutibu kabla ya kupiga. Isoflureni nayo si maji, ila kila panya, shamu akiwemo, akipata dakika zilezile, angalau mizani iko sawa. Andikeni dakika.

8. Dawa.

Siklosporini inashika siklofilini D (protini ya ndani ya mitokondria) na kulichelewesha tundu la mPTP kufunguka. Kwa panya, dozi iliyozoeleka kwenye kazi za Lexington, Kentucky ni miligramu 20 kwa kilo, ndani ya tumbo, dakika 15 baada ya pigo. Ukiongeza siyo lazima upate zaidi. Inagusa pia kimeng'enya cha kalsinurini na kuzubaisha kinga, ndiyo maana NIM811, isiyogusa kalsinurini, ni kipimo kizuri cha kujua ni mlango upi uliokusaidia. Siklosporini ya kawaida ya mshipani imechanganywa na kiyeyusho cha Cremophor, ambacho huweza kuzusha mzio mkali. Kampuni ya Uswidi iliyotengeneza NeuroSTAT, siklosporini yake yenyewe, iliibeba kwenye mchanganyiko wa mafuta kuikwepa. Somo kwenu: kundi la kulinganisha lipate kibebeo kilekile, siyo maji ya chumvi kwa sababu yapo.

DNP (dinitrofenoli) ni kisa kingine. Kwa kipimo kidogo, miligramu 5 kwa kilo, inalegeza kidogo mvutano wa umeme kwenye utando, hivyo mitokondria zinavuta kalsiamu kidogo na kutoa sumu za oksijeni chache. Kwa kipimo kikubwa inamchemsha mtu kutoka ndani. Miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene, watu wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa joto, na mwaka 1938 ikaondolewa. Nafasi kati ya kusaidia na kuua ni nyembamba, na mizani yenu ya miligramu haijasahihishwa tangu nani ajue. Isahihisheni kabla ya kupima DNP. Glovu mbili, inapaka manjano kila kitu.

Jaribuni kwanza dawa mezani. Mitokondria za shamu, kalsiamu kwa matone, rangi ya Calcium Green-5N, hesabu matone mpaka zishindwe kuimeza. Siklosporini maikromola 1 lazima iongeze matone. Isipoongeza, tatizo ni maandalizi yenu, msigeukie dawa mpya. Na EGTA ikiwa imebaki kwenye sampuli itakudanganya kwamba una mitokondria shujaa.

Dawa ya kulinda mitokondria iliyoidhinishwa kwa jeraha la ubongo haipo hadi leo. Projesteroni iliingia kwenye majaribio mawili makubwa ikitokea kwenye data nzuri za wanyama, na yote mawili yalichapishwa 2014 bila faida. Kabla yake jaribio la CRASH liliwachukua watu wazima 10,008 wenye jeraha la kichwa, na mwaka 2004 likaonyesha kwamba methilprednisoloni, dawa ya steroidi iliyotumika kwa miaka mingi, iliongeza vifo. Wanaotokea wodini mnaijua hii kuliko sisi.

9. Kwa wale mtakaorudi wodini.

Huko hamtasaga ubongo wa mtu. Mtakuwa na katheta ya maikrodayalisisi (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye ubongo kunyonya majimaji yake), pampu ya maikrolita 0.3 kwa dakika, kichupa cha maikrolita 18 kila saa, na mashine inayosoma lakteti kwa milimola na pairuveti kwa maikromola. Badilisheni vipimo kabla ya kugawanya. Lakteti 3.6 na pairuveti 120 ni 3,600 kwa 120, yaani 30. Kuna aliyewahi kuandika 0.03 kwenye faili na kulala usingizi mnono.

Uwiano ukizidi 25 simameni muangalie pairuveti yenyewe. Ikiwa imeshuka, chini ya 70 hivi, tafuteni damu na oksijeni: shinikizo la ndani ya fuvu, shinikizo la damu, hewa. Ikiwa pairuveti ipo ya kutosha, oksijeni ya ubongo nzuri, na uwiano bado uko juu, sukari imefika mlangoni na mitokondria hazifungui. Huyo ndiye mgonjwa wetu. Kikundi cha Cambridge kilijaribu kuwapitishia wagonjwa wa namna hii saksineti kwenye katheta yenyewe, milimola 12, iingie kwa kompleksi II na kuikwepa kompleksi I iliyodhoofika, na uwiano ukashuka. Ni mfuatano uleule wa chemba yenu: rotenoni, mstari umelala, saksineti, mstari umeinuka. Saa za kwanza baada ya kuingiza katheta msizihesabu, tishu bado inalalamika kuchomwa.

Na pale ambapo hakuna katheta wala mashine, shinikizo la damu lisiporomoke na oksijeni isishuke, hata kwa dakika za kumbeba mgonjwa kwenda CT. Hiyo ni tiba ya mitokondria, na haihitaji kibali cha mtu.

10. Kesho.

Tunaanza saa 2 asubuhi, panya wanane. Bafa zote mbili zitengenezwe leo jioni, chupa mbili, lebo mbili, yenye albumini ifungwe utepe mwekundu. Tabaka za Ficoll zimiminwe kesho asubuhi, siyo leo, zitajichanganya. Rota ya 100,000 ipoe usiku kucha. Aliyeacha kikombe cha chai kwenye chumba baridi, juu ya rafu ya mitokondria, kina jina lake chini. Aje akichukue kabla hatujakipima protini.